Wachambuzi uchwara wa bei ya mbaazi, acheni kuwapoteza wakulima na "Desemba itapanda"

Wakuu,

Kila msimu mnada ukishuka hata shilingi mia, magrupu ya WhatsApp yanajaa ramli: "Msiuze, shikilieni, Desemba bei inapaa." Inapaa kwa sababu ipi? Kimya.

Mbaazi si mahindi. Mahindi yakiadimika mwezi wa pili tunayagombania wenyewe. Mbaazi ya Lindi, Mtwara na Manyara inakwenda India, na India nao wanalima. Wanapanda Juni na Julai, na kuanzia Desemba majimbo yao ya Karnataka na Maharashtra yako shambani yanavuna. Nafasi yetu ni Agosti hadi Oktoba, maghala yao yakiwa yamepungua. Ukishikilia hadi Desemba unakutana na mavuno yao, halafu mzigo wa Myanmar unafuata nyuma. Na meli haifiki kesho yake.

Kuna na sera, ambayo hawa jamaa hawaigusi kabisa. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Huku kwetu kuna maeneo kilo iliuzwa chini ya shilingi 200. Mei 2021 wakafungua, na tangu hapo ruhusa inaongezwa kwa vipindi. Nyongeza ya Januari 2025 ilikuwa na kikomo cha 31 Machi 2026. Mtu anakutabiria bei bila kutaja tarehe ya kibali, huyo anapiga domo tu. Angalieni pia bei ya chini ambayo serikali yao inamtangazia mkulima wao: msimu wa 2025/26 ilikuwa rupia 8,000 kwa kilo 100. Soko lao likizama chini ya hapo, wa kwanza kubanwa ni mzigo wa nje.

Hesabu yenyewe haihitaji mganga. Chukua bei ya tani iliyofikishwa bandarini Mumbai. Tuseme ni dola 650, na dola ni shilingi 2,500: hiyo ni 1,625 kwa kilo. Toa meli, bandari, lori, usafishaji, magunia, tozo, makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na ghala, kisha faida ya mnunuzi. Kinachobaki ndiyo bei ya mnada, tupende tusipende.

Na kushikilia si bure. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 15 likikauka hadi 12 linabaki kilo 96 na nusu hivi. Fukusi naye anatoka shambani na mzigo: ukiona vidoa vyeupe vimeganda kwenye punje, hayo ni mayai, na baada ya wiki chache ni matundu. Salfeti haimzuii. Tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa; mbaazi iwe imekauka vizuri, kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, na usiburuzwe sakafuni. Ukitoboka hewa inaingia na wadudu wanaendelea kula.

Mwenye bei ya Mumbai ya wiki hii aiweke hapa, na tarehe. "Nimesikia kwa dalali" sitaki kuiona kwenye uzi huu.