Kusafisha ngozi kwenye picha za watu: kutenganisha leya, brashi ya mkono, au kuiachia akili mnemba?

KivuliKirefu

Wakuu, habari za kazi.

Nina mradi wangu mwenyewe, hauna mteja wala tarehe ya kukabidhi, ndiyo maana unanila muda. Ni picha za mafundi na zana zao: fundi viatu na sindano yake nene, seremala na randa, mshonaji na mkasi. Ziko 24. Zote nimepiga kwa mwanga wa dirisha unaoingia upande mmoja, lenzi ya milimita 85, faili za RAW (ghafi, kama kamera ilivyozinasa) za biti 14.

Mwanga huo wa ubavuni ndio uliozipa picha uhai, na ndio unaonitesa sasa hivi. Kila kipele kina kivuli chake. Upande mmoja wa uso umetulia, upande wa pili una mabakamabaka ambayo jicho halikuyaona siku ya kupiga. Mpaka leo nimekuwa nikitumia brashi ya kuponya tu: naondoa chunusi, nahifadhi, naondoka. Kwa picha moja inatosha. Kwa picha 24 zitakazotundikwa ukuta mmoja, kila uso unatoka na ngozi ya namna yake kana kwamba zimehaririwa na watu 24.

Nataka njia moja niijue vizuri. Aliyewahi kuzitumia zote tatu nilizotaja kwenye kichwa cha mada aniambie tofauti yake akiwa ameishika kazi, si kwa kusikia. Na mwenye mradi wa namna hii aulete tuuone.

MchangaMweupe

Mkuu, tenganisha leya (matabaka ya picha yanayolaliana), umalize. Unachukua picha unaipiga nakala mbili. Ya chini unaitia ukungu mpaka vinyweleo vipotee lakini pua na midomo bado unavitambua. Hapo inabaki rangi na mwanga tu. Ya juu unaitoa ile ya chini ndani yake, inabaki chembechembe za ngozi peke yake, ya kijivu, kama karatasi iliyokunwa. Ukizirudisha pamoja kwa Linear Light, hali ya kuchanganya leya, unapata picha yako ileile kama haijaguswa.

Faida ndiyo hiyo: bakabaka unalirekebisha chini bila kugusa vinyweleo, kipele unakiponya juu bila kuvuruga rangi. Kwenye dirisha la kutoa (Apply Image kwenye Photoshop), weka kipimo 2 na nyongeza 128.

Chumba_Chekundu

Kijana, mimi ni wa brashi, nilianza nayo kabla haijaitwa brashi.

Tulikuwa tunakata kipande cha karatasi ngumu, mduara wa ukubwa wa sarafu, tunakifunga kwenye ncha ya waya mwembamba. Taa ya mashine ya kukuzia picha ikiwaka, unakitikisa kile kipande juu ya karatasi ya picha pale unapotaka pawe peupe zaidi. Ukitaka pawe peusi, unaziba taa kwa viganja viwili na kuacha tundu dogo katikati. Sharti mkono usitulie hata kidogo, ukitulia unaacha mpaka unaoonekana. Ansel Adams, yule mpiga picha wa Marekani, alikuwa akiandika kabisa sekunde ngapi kila sehemu ya picha ipate.

Kwenye kompyuta kazi ni hiyohiyo. Leya mbili za kurekebisha mwanga, moja inaongeza, moja inapunguza, zote umezifunika kwa maski nyeusi, yaani pazia linaloificha leya mpaka ulipake jeupe. Kisha brashi nyeupe laini, mtiririko asilimia 2 au 3, unapaka kidogokidogo. Juu kabisa weka leya ya muda ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, na nyingine ya kuzidisha utofauti wa mwanga. Hapo mabaka yote yanajitokeza kama madoa kwenye shati jeupe. Ukimaliza unazizima hizo mbili.

Hutengenezi ngozi mpya. Hakuna pikseli unayoihamisha kutoka shavuni kwenda kwenye paji la uso. Unasawazisha mwanga tu, kila kinyweleo kinabaki mahali pake.

Ubaya wake nausema: inachosha mkono na inakula muda.

nukta_na_mstari

Shikamoo mzee Chumba. Nasahihisha jambo moja kwa MchangaMweupe kabla mtu hajaharibu picha.

Kipimo 2 na nyongeza 128 ni kwa faili la biti 8. KivuliKirefu amepiga RAW za biti 14, na natumaini anazifungua kama biti 16. Humo unatumia kujumlisha badala ya kutoa, unaweka alama kwenye kugeuza (Invert), kipimo 2, nyongeza 0. Ukikosea, picha hairudi ilivyokuwa: inahama kidogo sana, na utakaa saa nzima ukilaumu skrini.

Na kwa nini usishuke biti 8? Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 14 ni 16,384. Ukuta ulio nyuma ya fundi, pale mwanga wa dirisha unapofifia taratibu kuelekea kwenye giza, ndipo ngazi 256 zinapokatika na kuonekana kama mistari. Na leya za ukungu ndizo zinazoyafichua hayo.

MchangaMweupe

Kweli kabisa @nukta_na_mstari. Nimezoea JPEG za wateja. Nimejirekebisha.

Studio_Mbiombio

Nitasema kitu kitakachowaudhi wazee. Mimi napiga harusi. Jumamosi moja narudi na picha 600 za kukabidhi. Mzee Chumba akikaa na brashi yake, bwana na bibi harusi watapokea albamu wakiwa na wajukuu.

Akili mnemba inatambua uso, inatofautisha ngozi na nyusi na midomo, inasawazisha, inapita kwenye picha inayofuata. Siku hizi imo karibu kila programu, hata za simu. Ninaishusha mpaka asilimia 30 au 40 ili isizidi, basi. Sijawahi kupata mteja aliyelalamika.

Picha 24 za KivuliKirefu ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Chumba_Chekundu

Marahaba @nukta_na_mstari. Na wewe wa mbiombio sikukasirikii. Kwa picha 600 hata mimi ningefanya kama wewe. Ila yeye ana 24.

JichoLaTatu

Kabla hatujagombania brashi, naomba niulize swali ambalo mwenye mada hajaulizwa: huu mradi ni wa habari na kumbukumbu, au ni wa sanaa?

Maana kama chini ya kila picha unaandika kwamba huyu ndiye fundi na hivi ndivyo alivyo, basi ukimwondolea alama umesema uongo kwa picha. Mnakumbuka jalada la National Geographic la Februari 1982, piramidi za Giza zilivyosogezwa karibu ili zienee kwenye ukurasa uliosimama? Hakuna aliyeumia, ni mawe tu, na bado jarida lile lilisemwa kwa miaka mingi. Sasa huyu ni mtu, ana jirani wanaomjua.

Kipele kitapona wiki ijayo, ondoa. Kovu, mstari wa uzee, kidole kilichopinda kwa kazi, hivyo ni vyake.

KivuliKirefu

Nimesoma zote, asanteni. @JichoLaTatu, swali lako limenikalisha chini, nitalijibu kwa mfano.

Jana usiku nilichukua picha moja, ya fundi viatu (ameniruhusu kuionyesha, kwa maandishi), nikaifanyia njia zote tatu. Faili la megapikseli 24, biti 16.

Akili mnemba: chini ya dakika moja. Kwa mbali nzuri sana. Nikasogea. Huyu mzee ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, urefu wa punje ya mchele, pale nywele hazioti. Alinisimulia mwenyewe: kisu cha kukatia ngozi kiliteleza akiwa bado anafundishwa kazi. Programu ilikuwa imelifuta. Si kulifuta tu, imepanda nywele za nyusi mahali pake, zimelala vizuri, zina mwelekeo. Nikashusha mpaka asilimia 30 kama alivyosema Mbiombio, kovu likarudi nusu, kama uchafu kwenye lenzi. Hapo ni afadhali lisiwepo kabisa.

Kutenganisha leya: dakika 25. Mabaka kwenye shavu yaliisha vizuri na vinyweleo vikabaki. Lakini nilipofika kwenye taya, pale ngozi inapopakana na ukuta wa giza, rangi ya ukuta iliingia kwenye uso. Kidevu kimepata ukingo wa kijivu. Na nikiri, kwenye paji la uso nilinogewa nikatia ukungu eneo kubwa mara moja, likawa kama nta ya mshumaa.

Brashi ya mzee Chumba: saa moja na dakika 50. Mgongo unauma. Ila nilipoizima na kuiwasha, sikuweza kuonyesha kwa kidole ni wapi nimepagusa, na uso ulikuwa umetulia.

MchangaMweupe

Huo ukingo wa kijivu ni kosa la kila anayeanza, usiilaumu njia. Chora uteuzi unaokomea ndani ya ngozi kabla ya kutia ukungu, usivuke taya. Na usichukue eneo kubwa: bakabaka moja, ukungu kidogo, unahamia jingine. Ukiona nta, umekuwa mvivu.

Studio_Mbiombio

Kuhusu nyusi nimekosa la kusema 😅 Ila ukipaka maski ukaizuia programu isiguse hapo?

KivuliKirefu

@Studio_Mbiombio inawezekana, ila lazima kwanza nijue kuna kitu pale. Hilo kovu nililijua kwa sababu alinisimulia. Kwenye picha nyingine 23 sina uhakika nimekumbuka kila alama.

leso_ya_bluu

Mimi sina Photoshop, natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na nimeona kama mada inawapita watu wa huku. Kutenganisha leya kupo na si kwa kuunda mwenyewe. Tangu toleo la 2.10, la mwaka 2018, kuna kichujio cha Wavelet Decompose ambacho kinaivunja picha kwenye leya tano za chembechembe, kuanzia ndogo kabisa mpaka kubwa, na moja ya rangi iliyobaki. Mabaka ya KivuliKirefu yangekuwa kwenye leya ya nne au ya tano, vinyweleo kwenye ya kwanza na ya pili. Unachagua kwa usahihi kuliko leya mbili. Toleo hilohilo ndilo lililoleta biti 16 na 32, kabla yake mlikuwa na haki ya kutucheka.

Nilichojifunza mwenyewe: nikiwa na leya sita, nakuwa na mahali sita pa kuharibu.

nukta_na_mstari

Na ukubwa wa faili mzee. Megapikseli 24 kwa biti 16 ni kama MB 144 kwa kila leya kamili kabla ya kubanwa. Leya sita zinakupeleka mbali. Maski ya brashi ina chaneli moja tu badala ya tatu za rangi, kwa hiyo ni kama MB 48. Faili la PSD (la Photoshop) linakomea GB 2, la TIFF GB 4. Kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo hiyo pekee inaweza kukuamulia.

dira_ya_usiku

Nje ya mada kidogo ila inahusu kuonyeshana kazi. Mwaka juzi nilishusha picha zangu 12 kwenye mtandao zikiwa kwenye Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko wa skrini nyingi, na sikuambatisha maelezo ya rangi. Kwangu zilikuwa moto. Kwa wengine wote zilikuwa zimepauka, ngozi kama ya mgonjwa, na watu wakanipongeza kwa "mtindo wangu wa huzuni". Nikashukuru. Nilikuja kugundua mwezi mmoja baadaye nilipoziona kwenye simu ya dada yangu.

Geuza kuwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, kabla ya kutoa. Na fundi viatu wako akiiona picha kwenye simu yake ajitambue.

JichoLaTatu

"Mtindo wangu wa huzuni" 😂😂

KivuliKirefu

Nimerudi baada ya wiki mbili na picha tisa zilizokamilika. Nilivyofanya ni hivi, mnikosoe.

Kwanza brashi ya kuponya, kwa kitu ambacho kingepona chenyewe. Kanuni ya @JichoLaTatu nimeibandika pembeni ya skrini. Halafu kutenganisha leya, lakini kwa rangi tu, kwa wenye mabaka mengi kama mchomeleaji ambaye moto umemuunguza upande mmoja wa shingo. Na hata kwake sikuyamaliza, niliyapunguza ili jicho liende kwanza kwenye miwani yake. Baada ya hapo ni brashi ya mzee, saa moja kwa kila uso, sizidi. Saa ikilia naacha.

Zifanane vipi? Hapo ndipo nilipokuwa nakosea tangu mwanzo. Nilidhani kufanana kunatoka kwenye ngozi. Niliziweka tisa kwenye skrini moja, ndogondogo, nikaona kinachozitawanya ni vivuli: kwenye nyingine weusi ni wa buluu, kwenye nyingine wa kahawia, kwa sababu sikupiga zote saa ileile. Nimevirudisha vivuli vyote kwenye rangi moja, nusu saa tu, na zikawa ndugu.

Akili mnemba nimeitumia kumkatia mtu maski asiingiliane na ukuta. Kwa kazi hiyo inanishinda mbali.

Jana nilimpelekea fundi viatu nakala iliyochapishwa. Aliishika kwenye mwanga, akaipeleka karibu na uso, akagusa nyusi ya kwenye picha kwa kidole gumba. Akaniuliza kama naweza kuondoa ile soli iliyopasuka iliyo juu ya meza nyuma yake, maana wateja watadhani ni kazi yake.

Chumba_Chekundu

Umeiondoa?

KivuliKirefu

Bado naitazama, mzee.