Mrejesho: Krismasi yangu ya kazini hapa Changsha

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Novemba niliuliza nitasalije Krismasi wakati shule ninayofundisha Kiingereza hapa China imenipangia vipindi siku hiyohiyo. Mkanishauri niombe mapema kubadilishana zamu. Niliomba, nikakubaliwa nusu: tarehe 25 niliingia darasani kama kawaida (huku si sikukuu ya serikali), ila wikiendi nikaachiwa yote.

Mkesha ndio ulionigusa. Watoto waliniletea matufaha, kila moja limefungwa kwa karatasi ya rangi na utepe. Tufaha kwa Kichina ni pingguo, na mkesha wenyewe wanauita Ping'anye, usiku wa amani. Sauti zinakaribiana, ndiyo zawadi ikazaliwa. Nilirudi nyumbani na 17 kwenye mkoba. Machozi yalinilenga.

Jumapili nilikuwa Guangzhou, kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lile la mawe. Waafrika tele! Nikasalimiwa "habari za siku" mlangoni na dada nisiyemjua.

Sasa najipanga na Mwaka Mpya wa Kichina, Januari 29, 2025. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla, na Jumapili ya tarehe 26 tunafanya kazi kufidia likizo. Asanteni sana, ndugu zangu.