Utepe mmoja wa mkono kwa wavulana na wasichana: tuubadilishe?

Mpima Ukuaji: Majedwali ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2006 yanawatenganisha wavulana na wasichana. Mtoto wa miezi 12 mwenye kilo 7.2, akiwa msichana bado yuko juu ya mstari wa hasi 2, yaani mpaka wa uzito pungufu (kwa wasichana kilo 7.0), akiwa mvulana ameshauvuka kwenda chini (kwa wavulana kilo 7.7). Utepe wa mkono, unaozungushwa juu ya kiwiko kupima unene wa mkono, hautenganishi jinsia: kwa wote wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Mkono wa msichana kwa kawaida ni mwembamba kidogo, kwa hiyo tukitegemea utepe peke yake tunawaacha wavulana waliokonda. Viwango vitenganishwe.

Daktari wa Watoto: Naomba kupinga. Utepe haupimi ukuaji, unamtafuta aliye hatarini kufa. Misuli ikiisha, hatari ni ileile kwa mvulana na msichana. Mpe mhudumu wa jamii tepe mbili, na siku ya kupima watoto wengi atazichanganya.

Mratibu wa Lishe: Kuchanganya kupo hata sasa. Msichana huandikwa kwenye kadi ya mvulana, akaitwa mwenye uzito pungufu bure. Kosa likienda kinyume ni baya zaidi: mvulana mgonjwa anaonekana mzima. Utepe nao ukikazwa hadi ngozi ijikunje, unasoma pungufu. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya bega na kiwiko mkono wa kushoto, kisha mkono uning'inie ukiwa umelegea ndipo usome.

Mkunga: Mnasahau chanzo. Katika nchi nyingi wavulana ndio wanaodumaa na kukonda zaidi, ingawa wengi hudhani ni wasichana. Wavulana huzaliwa njiti zaidi na hushambuliwa zaidi na maambukizi. Penye imani kwamba mvulana hashibi maziwa ya mama, huanzishiwa chakula kabla ya miezi 6, na kuhara kunafuata. Hilo utepe hauliponyi.

Mpima Ukuaji: Nakubali kuhusu chanzo, ila hoja yangu haijajibiwa. Basi tuubakize utepe mmoja, lakini kituoni kila mtoto apimwe pia uzito kwa urefu kwenye jedwali la jinsia yake, na miguu yote miwili ikaguliwe uvimbe. Aliyeshindwa kipimo chochote kati ya hivyo aingizwe kwenye matibabu. Halafu nijibuni: mnaandika jinsia ya wote waliopimwa, au ya walioingizwa tu?