Mkalimani wa mahakamani: apite mtihani wa lugha ya sheria, au uzoefu unatosha?

WakiliChipukizi:
Wadau, naleta hoja. Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Haisemi mkalimani huyo awe amefundishwa nini. Ndiyo maana karani aliyeshika faili anageuzwa mkalimani papo hapo, kwa kuwa tu anatoka upande mmoja na mshtakiwa. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni miaka mitatu. Wizi wa mabavu chini ya 296(2), sheria imeandika kifo. Karani akimwambia mzee kwa Kiduruma, lugha ya huko Kwale, "wadaiwa uliiba, ni kweli?" na mzee akaitikia, amekiri kosa lipi? Napendekeza mtu asitafsiri kortini kabla hajasomeshwa istilahi za sheria kwa lugha zote mbili na kufanyiwa mtihani. Makarani wataendelea kubahatisha na roho za watu mpaka lini?

KaraniMstaafu:
Kubahatisha? Kijana, nimehudumu Kwale, Taveta na Garissa. Mahakimu walikuja wakahamishwa, wakaniacha pale pale. Hakimu ana rundo la mafaili, anasoma shtaka kwa Kiingereza mbio mbio, halafu ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha kesi. Hiyo shahada yako ingenisaidia nini pale? Watu walinielewa. Asiyejua dhamana ni nini nilimwambia: leta hati ya shamba, ukitoroka shamba linakwenda. Akaelewa, akarudi kwake.

WakiliChipukizi:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umeijenga hoja yangu mwenyewe. Hakimu hakutaja shamba. Dhamana yaweza kuwa pesa taslimu, yaweza kuwa bondi na mdhamini, yaweza kuwa mtu kujidhamini mwenyewe. Wewe hukutafsiri, ulitoa ushauri. Ushauri ni kazi ya wakili.

KaraniMstaafu:
Wakili gani? Mtu kashikwa kwa kuku wawili, wakili wake yuko wapi? Nyinyi mnatokea penye pesa. Nilikuwa peke yangu na yule mtu.

BiMkubwaMalindi:
Jamani, taratibu. Kesi ya Adan ya 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ilishayasema haya: shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Sasa "viungo vyote" vya wizi wa mabavu ni pamoja na silaha, au kuwa zaidi ya mmoja, au kumjeruhi mtu. Hakimu asipovitaja kimoja kimoja, mkalimani atavitoa wapi? Mafunzo yaanzie kwa hakimu, afundishwe kusema polepole na kukata sentensi. Karani anatupiwa lawama za watu wawili.

KaraniMstaafu:
Ahsante mama. Angalau mmoja kaiona kazi.

MwanaBukavu:
Mimi naifanya kazi hii Marekani, naongezea la huku. Sheria yao ya wakalimani wa mahakama za serikali kuu ni ya 1978, na mtihani wa cheti chenyewe leo upo wa Kihispania tu. Sisi wa Kiswahili tunapimwa kwa njia nyingine, na ukikosa bahati hupimwi kabisa. Kozi niliyohudhuria ilitugawia orodha ya istilahi, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Nzuri sana, ila yote ni Kiswahili cha Dar. Mbele yangu ameketi mama wa Uvira, kwetu Kongo. Namwambia "mwendesha mashtaka", ananitazama tu. Nikisema mtu wa *parke*, anashtuka, amejua. Wakili kwake ni *avoka*. Anayefundisha wakalimani aniambie: lugha mbili hizo ni zipi?

NyotaYaMwanza:
Sisi Tanzania tulishamaliza. 2021 sheria ilibadilishwa, lugha ya mahakama ikawa Kiswahili, Kiingereza kinatumika pale tu maslahi ya haki yanapohitaji. Mnamkumbuka Jaji Galeba wa Musoma? Aliandika hukumu kwa Kiswahili, Magufuli akampandisha Mahakama ya Rufani Siku ya Sheria mwaka ule ule. Mkitumia lugha ya wananchi hamtahitaji jeshi la wakalimani. Na ndugu wa Bukavu, avoka na parke si Kiswahili. Mmeichafua lugha, halafu mnadai mahakama za watu ziwafuate. Jifunzeni Kiswahili.

MwanaBukavu:
Nimechafua? Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba ya nchi yangu. Mama yangu alinifundisha, sikukiokota barabarani. Jaji wako ni Kiingereza, hakimu wako ni Kiarabu, avoka wangu ni Kifaransa. Nani kati yetu aliyezaliwa na neno la korti? Na *korti* yenyewe ni ya nani?

NyotaYaMwanza:
Tofauti ni kwamba sisi tuna BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, tuna usanifu. Neno linajadiliwa, linapitishwa. Nyie kila mtu na lake.

MwanaBukavu:
Yule mama wa Uvira anaweza kupokonywa watoto wake kesho. Unataka nimwambie asubiri asanifiwe?

WakiliChipukizi:
Tusitoke nje ya mada. Nilikuwa nauliza juu ya mtihani.

BiMkubwaMalindi:
Nyota, hapo umekosea adabu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya The Hague, ilipozisikiliza kesi za Ituri, mashariki mwa Kongo, mashahidi walitoa ushahidi kwa Kiswahili cha Kongo, na majaji waliupokea. Hakuna aliyeambiwa arudi shule. Tena sisi wa pwani nasi tungeamua kuuliza nani amechafua nini, wa bara mngekaa wapi?

NyotaYaMwanza:
Haya, Wapwani nao wameingia. Bi Mkubwa, Kiswahili sanifu chimbuko lake Kiunguja, najua. Lakini aliyekifanya kiingie bungeni, jeshini na mahakamani ni Tanzania, Wasukuma na Wahaya na Wamakonde wote pamoja. Heshima hiyo hamtupi kamwe.

KaraniMstaafu:
Na bibi wa Bariadi asiyejua ila Kisukuma? Huyo amemalizwa na sheria ya 2021?

NyotaYaMwanza:
Huyo anatafsiriwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inataka ushahidi utafsiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa.

KaraniMstaafu:
Anatafsiriwa na nani?

NyotaYaMwanza:
Na karani.

KaraniMstaafu:
Basi. Sasa kijana wakili, nikuulize. Mtihani wako wa Kiduruma atautunga nani, na nani atausahihisha? Nitajie chuo kinachofundisha sheria kwa Kiduruma. Utatuondoa sisi, uweke nani?

WakiliChipukizi:
Sikusema mwondolewe. Nataka mfundishwe, na mlipwe kama wakalimani, siyo kama makarani walioongezewa kazi. Hiyo The Hague aliyoitaja Bi Mkubwa ilipata kesi ya Darfur ya watu wa Kizaghawa, lugha isiyo na msamiati wa mahakama uliozoeleka. Waliwachukua wasemaji, wakawafundisha kuanzia sifuri, wakakaa nao kukubaliana neno kwa neno. Kwa Kiduruma tungewaweka wewe, mahakimu wawili na wazee wanaokijua vizuri kwenye meza moja: hiki ndicho wizi, hiki ndicho wizi wa mabavu, hivi ndivyo tutakavyosema kujidhamini. Mkishakubaliana, karani wa Kwale na wa Kinango wanasema maneno yale yale. Ndiyo silabasi, na ndiyo mtihani wenyewe.

NyotaYaMwanza:
MwanaBukavu, bado hujanijibu. Ukikubali kila mkoa uje na maneno yake mahakamani, hukumu ya rufaa itaandikwa kwa Kiswahili kipi?

MwanaBukavu:
Hukumu iandike kwa chako, sina ugomvi. Mimi nazungumzia sikio la yule mama. Na lile la kuchafua lugha hujalifuta.

NyotaYaMwanza:
Silifuti.