Mitihani, onyesho au raha tu: kipi kinambakiza mtoto kwenye baleti?

MwalimuKapripoint: Wakuu, nina kikundi cha baleti hapa Mwanza, kuanzia watoto wa miaka 7 hadi mabinti wa kidato cha tatu. Wazazi wamegawanyika. Wengine wanataka mitihani ya madaraja kama ile ya Royal Academy of Dance ya London, watoto wapate vyeti. Wengine wanasema onyesho la Desemba linatosha. Kipi kitawafanya waendelee kuja?

MamaBwiru: Wangu ana miaka 8, cheti hakimhusu. Anafuata sketi na rafiki yake wa Isamilo. Rafiki akiumwa, na wangu "anaumwa". Onyesho, tena fupi.

NgwanaKisesa: Huku Bujora hakuna mtihani. Wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma mwezi wa sita, Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wakikuhama, umeshindwa. Kijana mgeni wa bugobogobo, ngoma ya majembe, anatokwa jasho kwa ajili ya ule umati. Ila mjomba wangu, manju (kiongozi wa ngoma) wa siku nyingi, hata kusiwe na mtu atasimamisha mazoezi kwa sababu ya mguu mmoja uliochelewa.

Tulizana: Wanaoacha wengi ni wa katikati, miaka 12 hadi 14. Ugeni umekwisha, mwili unabadilika, viatu vya kusimamia ncha za vidole vinaumiza, na sasa anaona wazi nani anamzidi. Hapo mtihani unasaidia maana unampa kitu cha karibu cha kukifukuzia. Kwa wadogo ni mzigo tu. Na waliobobea? Opera ya Paris ina vyeo kadhaa, lakini cha juu kabisa, étoile, hakitolewi kwa mtihani. Uongozi ndio unaokutangaza. Ukishakipata, asubuhi unarudi kushika bomba la mazoezi ukutani na kuanza na plie, yaani kukunja magoti, ileile ya mtoto wa MamaBwiru. Mtu wa hivyo kazi yenyewe imemkamata.

MamaBwiru: Sawa, na mtahini analipwa na nani? 😂

KirumbaKwetu: Wakubwa waachie watunge wenyewe. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuacha. Akapewa wimbo mmoja aupangie hatua, sasa ndiye anayefungua ukumbi.

MwalimuKapripoint: Hilo naanza nalo Jumamosi. Mtihani utakuwa kwa wa sekondari, anayetaka. NgwanaKisesa, mjomba anaweza kuja kutupigia ngoma Desemba?

NgwanaKisesa: Anakuja. Ila mguu ukichelewa, atasimamisha onyesho mbele ya wazazi.