"Mwalimu, nikijibu hili swali nimemkana Yesu?"

Wakubwa na vijana wa Bukavu, naomba tujadili hii kitu kwa upole juu inaniumiza sana. Mimi nafundisha biolojia huku Kadutu na siku ya Mungu niko naimba kwenye korali, kwa hiyo msinione kama mpagani. Wiki iliyopita msichana mmoja wa darasa la mwisho alibaki nyuma kisha masomo akaniuliza: "Mwalimu, swali la evolisyo likitokea kwenye egzetati na mimi nikijibu vile ulitufundisha, nitakuwa nimemkana Yesu?" (Kwa wasiojua: evolisyo ni fundisho kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, na egzetati ni mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.) Kumbe pasta wao alikuwa amesema mwenye kuamini evolisyo asikaribie meza ya Bwana. Mtoto alikuwa anatetemeka. Anataka kusoma udaktari, na anampenda Mungu kweli, sasa ameambiwa achague.

Mi naona hakuna kuchagua hapo, na nitawaambia kwa nini, wenye kukataa watanijibu.

Kwanza tuseme ile kitu watu hawapendi kusema. Kwetu hapa shida haikuanza na Mwanzo sura ya 1, ilianza na neno makako, yaani nyani. Wakati wa koloni wazungu waliita babu zetu makako mbele ya watoto wao, halafu leo mwalimu anasimama kwenye ubao anachora nyani huku, mtu huku, mtoto anasikia lile lile tusi. Na hiyo hofu iko na msingi. Mwaka 1906 Mkongomani mwenzetu, Ota Benga, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika zoo ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wanakuja maelfu kumtazama. Wenye kupiga kelele mpaka akatolewa walikuwa wachungaji weusi wa Marekani, na moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba maonyesho yale yanahubiri mafundisho ya Darwin, yule Mwingereza aliyeeleza evolisyo. Mwaka 1916 Ota Benga alijiua. Kwa hiyo pasta akikasirika akisikia hilo jina la Darwin, mimi namwelewa, simcheki hata kidogo.

Ila tusikilize biolojia yenyewe inasema nini. Haisemi sokwe wa leo alimzaa mtu. Inasema sisi na sokwe tuko na babu mmoja wa zamani sana, miaka karibu milioni 6 au 7, kisha kila ukoo ukashika njia yake, kama vile binamu yako wa Uvira hakukuzaa wewe lakini mukipanda juu mnafika kwa tate mmoja. Na inasema Mshi, Mbembe, Mbelgiji, Mchina, wote asili yao ni hapa Afrika, ukichukua watu wawili wowote duniani DNA yao inafanana karibu asilimia 99,9. Wale wa Bronx walimfungia ndugu yao wa damu. Paulo alisema vile pale Athene, Matendo 17:26, kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Basi hiyo sayansi ingetumiwa vizuri, ile nyumba ya nyani ingefungwa siku ile ile.

Sasa Mwanzo. Fungua uisome polepole, usiruke. Sura ya 1, nuru inaumbwa siku ya kwanza lakini jua linakuja siku ya 4, wanyama wanatangulia, mtu anafuata. Sura ya 2, mtu anafinyangwa kwa mavumbi, kisha njo bustani inapandwa, kisha mstari wa 19 wanyama wanaumbwa na kuletwa kwake awape majina. Aliyepanga hizi sura mbili pamoja hakuwa kipofu, aliona kabisa kwamba mfuatano hauko moja. Mimi naelewa kwamba hakuwa anatuandikia kitabu cha biolojia, alikuwa anawaambia watu waliozungukwa na mataifa yenye kuabudu jua na mwezi kwamba hivyo ni taa tu, Mungu amezitundika. Na Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliandika miaka zaidi ya 1.400 mbele ya Darwin kwamba siku zile ni vigumu sana kujua zilikuwa siku za namna gani. Hakuna aliyemshika mkono akasema ameogopa sayansi ya wazungu. Wakatoliki wanajua pia kwamba Yohane Paulo wa 2 alisema mwaka 1996 kwamba evolisyo ni zaidi ya dhana tu. Na sheria za kurithi tunazofundisha zilianza kwa mtawa, Mendel, na mbaazi zake.

Lakini kitu chenye kinanisukuma kuandika ni dada yangu. Alizika watoto wawili wa SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi wenye kuitwa selimundu. Kwenye maombi aliambiwa ni laana ya ukoo, akafunga, akakonda, akaanza kumchukia mama yetu mzaa juu walisema laana inatoka kwake. Hakuna aliyemweleza kwamba mtu aliyepata S, yaani jeni ya ugonjwa huo, kwa mzazi mmoja tu anakingwa sana na malaria kali, njo maana kwenye nchi zenye mbu kama zetu hiyo S ilibaki kizazi hadi kizazi, wenye nayo walipona utotoni wakazaa. Ikikutana baba na mama wote wanayo, mtoto anaweza kuwa SS. Hiyo ni evolisyo, iko kwenye damu yetu. Siku nilimchorea dada kwenye karatasi, alilia sana, kisha akaenda kwa mama. Na makanisa yenyewe siku hizi yanaomba vijana wafanye elektroforezi, kile kipimo cha damu chenye kuonyesha S, mbele ya ndoa, mnatumia matunda ya mti wenye mnakataza watoto kuugusa?

Nyongeza kisha kusoma majibu: ndugu mmoja ameandika hapa kwamba nikilegeza Mwanzo kesho nitakana na ufufuko. Ndugu, Luka anasema wazi amechunguza mambo yaliyopokelewa kwa mashahidi walioona kwa macho, Paulo anataja watu zaidi ya 500 waliomwona Yesu amefufuka, wengi walikuwa bado hai. Nani alishuhudia siku ya 3 ya uumbaji? Ni maandiko ya aina mbili, hata wewe hausomi Ufunuo kama unavyosoma barua kwa Filemoni.

Mwingine aliuliza Waroma 5, dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na kama hakukuwa Adamu mmoja je? Hapo umenigusa. Kuna wanaosema Adamu alikuwa mtu kweli, Mungu alimwita kati ya watu wengi wa wakati ule, wengine wanasema Adamu ni sisi wote. Na kifo kilikuwako kwa wanyama mamilioni ya miaka mbele ya mtu, hiyo inanisumbua usiku, sitadanganya. Mimi naegemea ile ya kwanza, lakini kwa mkono mwepesi.

Yule msichana nilimwambia ajibu mtihani kwa ukweli na aende mezani. Jumapili hii ni meza ya Bwana kwao. Wachungaji mlio hapa, kama angekuwa kwenu mngempa mkate au mngempita?