Je, Engai ni mama? Swali kuhusu Mungu na jinsia katika mila zetu

Binti wa Monduli anauliza:

Wakubwa wote, shikamooni. Nililelewa na bibi mzaa mama katika boma la upande wa Monduli, na kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajaonja maziwa, nilimwona akirusha matone ya maziwa juu angani huku akimwomba Engai, yaani Mungu kwa Kimaasai, ampe mvua, mifugo na watoto. Sasa ninaishi Moshi na ninasali katika kanisa ambalo Mungu huitwa Baba. Hivi karibuni nimesoma maandishi ya wanawake wa Marekani na Ulaya wanaosema kwamba zamani watu walimwabudu Mungu Mama, mpaka wanaume walipomwondoa na kuweka wa kwao. Nimeambiwa pia kwamba jina Engai lenyewe ni la kike. Je, ni kweli kwamba bibi yangu alikuwa akimwomba Mama? Na kama ni kweli, mbona ng'ombe wote wa boma lile walihesabiwa kuwa mali ya babu?

Mwalimu Mstaafu, Njiro:

Marahaba, mwanangu. Aliyekwambia kuhusu jina hakukosea. Kimaasai hugawa nomino zake katika jinsi ya kiume, inayotambulika kwa *ol-*, na ya kike, inayotambulika kwa *en-*, na Engai iko upande wa kike. Hata sifa zake hufuata upatanisho huo: Engai Narok, yaani Mungu mweusi, mwenye wingu la mvua na ukarimu, na Engai Nanyokie, yaani Mungu mwekundu, mwenye hasira na ukame. Neno hilohilo humaanisha pia mbingu na mvua, kwa hiyo mtu akisema mvua inanyesha, yuko karibu sana na kusema kwamba Mungu ameshuka.

Hata hivyo, naomba usikimbilie kuhitimisha. Katika lugha hiyo, *olalem* ni upanga na *enkalem* ni kisu kidogo. *Enkerai* ni mtoto, naye aweza kuwa wa kiume. Jinsi ya kisarufi hubeba pia maana ya ukubwa na udogo, na haitoshi peke yake kutuambia kwamba waombaji wanamfikiria Mungu kama mwanamke. Sarufi inakufungulia mlango tu. Ukitaka kujua kilichomo ndani, itakubidi umuulize bibi mwenyewe, na hasa umsikilize anavyoomba, kwa sababu maneno ya sala husema mengi ambayo kiambishi hakisemi.

Msomaji wa Karatu:

Nakubaliana na mwalimu, nami naongeza jambo kutoka kwetu Wairaqw, ambalo nadhani linawasumbua waandishi wengi wa mambo haya. Kwetu Mungu ni Lo'a, ambaye jina lake linahusishwa na jua, naye ni wa kike; ndiye mwenye wema, mwenye kuumba na kulinda. Walio wa kiume ni pepo wa ardhini, wakaao kwenye mito na chemchemi, na hao ndio watu huwaogopa.

Sasa mtazame Carl Gustav Jung, tabibu wa Uswisi aliyefundisha kwamba binadamu wote hurithi taswira za kale zilizojificha ndani ya nafsi, ikiwamo ya Mama. Katika mhadhara wake wa mwaka 1938, miongoni mwa mambo yanayobeba taswira hiyo alitaja ardhi, maji yaliyotulia, kuzimu na mwezi. Kwetu mpangilio ni kinyume: jua ni mama, na maji yana wanaume. Wamisri wa kale nao walikuwa na mbingu ya kike, Nut, na ardhi ya kiume, Geb. Mtu anayetuambia kwamba kila mahali ardhi ni mama na mbingu ni baba hajafika Karatu.

Sisemi kwamba Jung hakuona kitu. Alisisitiza kwamba Mama huyo ana nyuso mbili, ya kulea na ya kumeza, na mtu akiwafikiria Narok na Nanyokie aliowataja mwalimu, anaweza kuona mfanano. Tatizo langu ni pale mfanano unapogeuzwa kuwa sheria, kisha mila zetu zikachujwa ili zitoshee ndani yake.

Mama wa Majengo, Moshi:

Binti yangu, swali lako la pili ndilo lililonigusa. Mwaka 1978, huko Santa Cruz, Marekani, Carol P. Christ alitoa hotuba akieleza kwa nini wanawake wanamhitaji mungu wa kike: mwanamke asiyewahi kuomba ila kwa sura ya mwanamume hujifunza polepole kwamba nguvu zake mwenyewe ni za kuazima. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa nimeiona ikifanya kazi katika maisha yangu. Lakini Athene, mji wa Ugiriki ya kale, ulibeba jina la Athena, mungu wa kike, na kumjengea hekalu kubwa, huku wanawake wake wakiwa hawana kura. Kwa hiyo ng'ombe wa babu yako si ajabu. Mungu anaweza kuitwa mama na urithi ukaendelea kwenda kwa wana wa kiume, mpaka watu waamue kubadili desturi na sheria zao.

Kuhusu habari ya Mungu Mama aliyepinduliwa, mtetezi wake mashuhuri, Marija Gimbutas, alikuwa mwanaakiolojia mwenye elimu kubwa, na uhamaji wa watu wa nyika kuingia Ulaya, ambao alisema ndio uliomwondoa Mungu Mama, umepata ushahidi wa vinasaba. Lakini sanamu ndogo ya kale ya mwanamke kama ile iliyopatikana Willendorf, Austria, yenye urefu wa sentimita 11 hivi, haituambii iwapo aliyeichonga aliiabudu.

Usiende mbali, mwanangu. Neno *rehema* tunalolitamka kila siku limetoka katika mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa neno *rahim*, yaani tumbo la uzazi, na Kiebrania kina undugu huohuo kati ya *rehem* na *rahamim*. Muislamu na Mkristo wa hapa Moshi, wanapoomba rehema, wanagusa tumbo la mama bila kujua. Tena Kiswahili chetu humtaja Mungu kwa *yeye*, asiye mume wala mke. Huyo *Baba* tumempokea, na sina ugomvi naye, ila *yeye* alikuwapo tangu mwanzo.

Binti wa Monduli:

Nawashukuru sana. Nimempigia bibi simu jana jioni. Amenieleza kwamba anapoomba mvua au mtoto humwita Engai kama mtu anavyomwita mama yake, na Jumapili kanisani humwita Baba pamoja na wenzake, wala hajawahi kudhani kwamba ni wawili. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia nichague. Mwisho wa mwezi nitakwenda nikae naye wakati wa kukamua, nisikilize kama alivyoshauri mwalimu.